Mtindi wa Tukuyu

Maziwa ya Jumanne yamekataa kuganda.
Subilaga anayanusa, kisha ananitazama mimi wa maabara.
Namwambia: kirusi hiki hakikuja jana.
Kiliingia zamani ndani ya bakteria wetu,
kikakata uzi wa kromosomu,
kikajishona humo, kimya,
kikarithiwa kama jina la ukoo.
Juzi moto ulizidi jikoni, kikaamka.
Kimetoka na kipande cha jeni kisicho chake,
cha kwake kikabaki ndani.

Subilaga anamwaga ndoo. Mvua haijakoma tangu alfajiri.

Nami niliyeolewa hapa kutoka Makete,
kila nikienda kwetu msibani
mama hunikatiza katikati ya sentensi:
hilo neno umelitoa wapi?

Sijui, mama.
Nimelikuta mdomoni.