Nyeupe Zaanza, Zashinda

Kila ukurasa una mafumbo sita,
na chini ya kila fumbo maneno yale yale:
nyeupe zaanza, zashinda.
Kitabu kilikuwa cha kaka yangu, marehemu Gurgen.
Panya wamekula mgongo wa jalada,
majibu yake ya penseli yamefifia pembezoni,
mengine sahihi, mengine ya mtu mwenye haraka.

Nimeyafumbua yote, elfu moja na themanini,
majira matatu ya baridi hapa Vanadzor,
cherehani imenyamaza, mapazia ya watu yamekunjwa kitini.
Farasi aruka, amshika mfalme, amshika na malkia.
Ngome yajitoa mhanga, askofu amalizia.
Sekunde kumi. Sekunde sita.
Vidole vinajua kabla yangu,
kama vinavyojua tundu la sindano gizani.

Halafu Alhamisi inafika.

Mkhitar fundi viatu hajawahi kukisoma kitabu kile.
Nilipomwonyesha alisema kina herufi ndogo.
Tunacheza sataranji nyuma ya duka lake,
harufu ya gundi, kahawa yenye mashapo,
aprikoti kavu ndani ya kopo lililokuwa la misumari.
Anamsogeza askari wake wa pembeni
hatua moja,
kisha anapangusa pua kana kwamba hakufanya kitu.
Sioni kosa. Sioni fumbo.
Baada ya hatua thelathini sina pa kuweka mguu.

Yeye arobaini na moja, mimi tisa,
na sare moja, siku umeme ulipokatika.

Wanasema fumbo mfumbie mjinga.
Mimi nimefumbiwa mara elfu moja na themanini;
niko wapi?

Nadhani ubaya uko katika yale maneno ya chini.
Mtu keshakunong'oneza: hapa pana dhahabu, chimba.
Nani hachimbi?
Kwa Mkhitar hakuna anayenong'ona.
Hatua arobaini ni udongo mtupu,
ya arobaini na moja ina kitu,
nayo ina sura ile ile ya udongo.
Hata wateja wangu huleta gauni na kidole juu yake:
limechanika hapa.
Kushona si kazi.
Kazi ni kujua palipoanza kulegea
kabla mwenyewe hajaketi.

Alhamisi iliyopita, theluji imeziba nusu ya dirisha,
nilikuwa na nyeupe, nikaliona.
Fumbo la mia sita na kumi na mbili, kama lilivyo,
lile Gurgen alilolikosea mara mbili.
Ila lilikuwa lake Mkhitar.
Zamu yake, farasi wake,
mfalme wangu.
Nikakalia mkono wangu mmoja.
Nikatazama jiko, nikatazama visigino ukutani,
nikaogopa macho yangu yasije yakamwambia.
Akamimina kahawa.
Akamsogeza askari wa pembeni.

Mafumbo yangenituma nishambulie.
Nilimsogeza mfalme nyumba moja, kwenye kona,
hatua ya kizee, isiyomuua mtu,
na tundu likajifunga.
Mkhitar aliacha kutafuna.
Alitazama kona ile kwa muda mrefu,
kisha farasi wake, kisha mimi.
"Hiyo kakufundisha nani?"
Sikumjibu. Sikuwa na hakika.

Nilishindwa, ndiyo. Arobaini na mbili.
Lakini ilimchukua hadi saa sita usiku,
na mkewe Hripsime alipiga simu mara tatu.

Nimefika nyumbani na miguu iliyolowa.
Nimekata utepe wa bitana, upana wa kidole,
nimeubandika juu ya maneno yale, ukurasa kwa ukurasa.
Sasa sijui nani anaanza.
Sijui kama pana kitu.
Fumbo la kwanza, lile la watoto,
limenichukua dakika ishirini.