Matandiko ya Mkopo

Punda tulimwita Mkopo
kwa kuwa ndivyo tulivyompata:
fedha za kikundi, marejesho kila Alhamisi.

Chilongani akaleta sponji kutoka mjini,
kipande cha godoro, samawati, kinene kama mkate,
akasema mgongo wa punda nao unastahili starehe.
Tukaifunga. Soji juu ya sponji,
mimi juu ya soji, vikapu viwili ubavuni,
tukateremka Bahi sokoni, Oktoba, saa sita,
mbuga yote ikitetemeka machoni.
Mkopo alitembea kwa adabu.
Punda halalamiki; hukusanya.

Jioni nilipofungua mkanda
sponji ilitoa mvuke kama sufuria ya ugali,
na vipande viwili vya ngozi, ukubwa wa sarafu,
vikabaki vimeganda kwenye samawati.

Sikulala. Si kwa huruma tu, nisiseme uongo:
nilikuwa nahesabu Alhamisi zilizobaki.

Mama yangu hakuwahi kuwa na punda.
Maji aliyabeba kwa utosi, miaka arobaini,
na alichokijua ni ngata:
khanga kuukuu, isokotwe, izungushwe,
katikati pabaki tundu.
"Mzigo usikae juu ya mfupa. Ukae kandokando yake."
Asubuhi niliiona ngata yangu msumarini
kama mtu aliyetafuta ufunguo siku nzima
kumbe ameukalia.

Kidonda kilichukua wiki tano.
Maji ya chumvi, kufukuza nzi,
na mimi kwa miguu.

Sasa natandika hivi.
Kwanza kiganja kitupu, kutoka shingoni hadi kiunoni,
kufuata malaika wanavyolala:
mwiba wa mgunga, punje ya mchanga, kiganja hakikosi.
Kisha khanga ya pamba, moja tu,
iliyofuliwa mpaka methali yake imebaki irabu mbili.
Kazi yake ni kunywa jasho.
Kisha mito miwili ya gunia, nimeijaza mabua ya mpunga,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
uti wa mgongo upite katikati kama korongo.
Khanga naivuta juu hapo, iwe dari,
upepo upate njia.
Kisha soji. Basi.

Na blanketi, Nyemo aliniuliza, huliweki?
Blanketi ni la Julai,
upepo wa Dodoma unapokata masikio.
Ukiongeza tabaka kwa huruma wakati wa joto
unampika.

Nikifika nafunua, nausoma mgongo.
Ukilowa sawasawa, nilitandika vizuri.
Ukiwa na doa kavu katikati ya unyevu,
hapo ndipo ninapoumiza.
Miezi mingapi niliyaona madoa yale
nikasema, afadhali, hapa hakutoka jasho!

Juni tulimaliza kurejesha.
Mweka hazina akapiga mstari mwekundu chini ya jina letu,
tukapigiwa makofi.
Lakini mgongoni, pale palipochubuka,
nywele zimeota nyeupe, duara mbili,
na hazitarudi kuwa za kijivu.
Kila alfajiri kiganja changu hupita hapo,
hupunguza mwendo, halafu huendelea.

Sponji? Ipo nje, juu ya kigoda.
Chilongani huikalia akisikiliza taarifa ya habari,
na kila dakika tano
huinuka kujipepea.