Upande wa Dirisha

Mji wa Ostrava ulifua nondo za chuma miaka na miaka,
nondo za madaraja, nondo za maghorofa,
na bado uliogopa nondo wa kabatini,
yule wa rangi ya vumbi, mwepesi kuliko kope.
Neno moja, ngeli mbili.
Baba yangu aliajiriwa kotekote.

Zamu ya usiku, idara ya lami ya makaa:
makaa yakiokwa kuwa koki, lami ilitiririka,
na kwenye mabomba yaliyokuwa yakipoa
yaliganda magamba meupe, membamba,
kama samaki kaparwa gizani.
"Weupe wote huu," alisema Vlastimil, "umezaliwa na lami."
Alirudi alfajiri akinuka kabati
kabla hajafungua kabati.

Mimi ni mwalimu wa kemia, naweza kuichora:
pembe sita na pembe sita, vyumba viwili, ukuta mmoja,
kaboni kumi, haidrojeni nane.
Zile kaboni mbili za ukutani hazina haidrojeni ya kushika.
Ndivyo walivyolala wazazi wangu miaka ya mwisho,
yeye na kikohozi chake huku, mama na redio yake kule,
wakigonga ukuta usiku, mara mbili:
upo?
Nipo.

Alikufa Februari. Machi nilikwenda kupunguza nguo.
Mfukoni mwa koti lake la sufu: tikiti ya tramu
na kidonge cha naftalini kilichobaki kama punje ya dengu.
"Nani kakila?" mama aliuliza.
Hakuna. Haichuruziki, haiachi doa,
hutoka kwenye ugumu ikaingia hewani moja kwa moja,
haipitii umajimaji, haiagi.
Mali bila daftari.

Na anayekula sufu si nondo, nilimweleza,
nondo mzima hana hata mdomo wa kulia.
Ni kiwavi wake.
Mama akacheka kwa pua: "Siku zote mwizi ni mtoto,"
akaitazama mikono yangu
iliyojaa nguo za baba.

Nyuma ya shuka nikakuta chupa nzima ya vidonge,
akiba ya tangu kabla maduka hayajakatazwa.
Zdenka atajifungua Mei, nikasema. Wapo watoto
ambao damu yao haiuwezi mvuke huu,
seli nyekundu hupasuka, macho huwa manjano.
"Labda hivi ni vya aina ile nyingine," akasema mama,
kama mtu anayemwombea mshtakiwa.

Basi jikoni, glasi ya maji. Kidonge kikazama.
Nikatia chumvi, kijiko juu ya kijiko,
nikakoroga mpaka maji yakaikataa chumvi.
Kikatikisika. Kikapanda polepole,
kikageuka upande, kikaelea.
Ile aina nyingine ni nzito, ingebaki chini.
"Ni yeye," mama alisema.
Hakusema ni chenyewe.

Koti tulilitundika roshani, penye barafu;
baridi huikaba harufu, haiiui.
Chupa niliifunga kwa mkanda, nikaandika SUMU,
nikaahidi kuipeleka Jumamosi kwenye kituo cha taka hatari.
Jumamosi ikapita. Na iliyofuata
nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, au nilisema ninayo.

Wiki ya tatu akapiga simu.
Alikuwa ameiweka dirishani, juu ya hita.
"Vidonge vimepungua," alisema, "lakini kioo,
upande wa dirisha, upande wa baridi,
kimeota manyoya meupe."

Nilikuwa na maelezo yote mdomoni:
mvuke, ubaridi, mgando.
Kabla sijaanza nikausikia ukucha wake
ukigonga chupa,
mara mbili.