Vipimo vya Nyumba ya Langoni

Kizuri chajiuza. Hii iliuzwa kwa barabara,
kwa wageni wa gari la farasi wanne
waliokwenda jumba kubwa la Aldermere kula kulungu.
Ndiyo maana paa la mabua limeshonwa nakshi mgongoni,
na dohani tatu zimesokotwa kama kamba.

Nimekuja na futi, penseli, na sweta mbili.
Novemba. Ukungu umeingia hata kabatini.

Nimepima: meko moja, dohani tatu.
Mbili hazijaonja moshi tangu zijengwe.
Zilisimamishwa ili Bwana Peverell, akipita juu ya farasi,
aone jinsi mpangaji wake anavyoota moto.

Mbele, mawe ya rangi ya asali, yamechongwa yakalingana.
Nyuma, fito na udongo na singa za ng'ombe,
kiambaza kilichokandikwa kwa viganja;
mulika tochi kwa ubavu, utaona vidole.
Mlango nao uko nyuma,
nguo za watoto kambani zisije zikaharibu mandhari.
Ni mfupi. Nimegonga paji mara mbili;
ya tatu nikainama bila kuambiwa.

Juu, kombamoyo nane na mtambaapanya uliopinda,
mwaloni wenye matundu ya kazi ya zamani,
zizi labda, sijui.
Kwenye nguzo ya ngazi, mikwaruzo ya kisu, kimo juu ya kimo:
Tamsin, Jethro, Tamsin, Jethro, Tamsin,
Tamsin.

Kisha lile dirisha.
Ukiwa barabarani ni dirisha hasa, fremu na vioo vyake.
Ukiwa ndani ni ukuta.
Msanifu aliandika kwenye ramani: *la sura tu*,
akapaka vioo rangi nyeusi kwa nyuma, akajenga.

Lakini tofali moja halina chokaa.
Linang'oka kwa kidole, kama jino la utotoni,
na nyuma yake weusi umekwanguliwa,
duara la ukubwa wa shilingi.
Nilivuta kiti. Jicho likakuta lango, kona, barabara yote.

"Bibi yangu huyo, Keziah," akasema Mzee Godbold aliyeniletea ufunguo.
"Miaka arobaini na moja akiwafungulia watu lango.
Alichukia kushtukizwa."

Kwa skeli ya mchoro wangu lingekuwa nukta,
doa la penseli, mtu angelipuliza.
Nimelichora kubwa kuliko mlango.
Ofisini watanirudishia.