Dirisha la Inchi Kumi na Tano

Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, Pipeline,
na dirisha lake linafungukia ukuta wa jirani.
Ukinyoosha mkono unagusa plasta yao.
Ukipiga chafya, wanakujibu wao.
Saa sita mchana Nyaboke hufanya hesabu chini ya balbu,
na mimi nikitaka kujua kama mvua inanyesha
hushuka ngazi kuuliza.

Laptopu ilikufa mwezi wa Machi.
Haikufa ghafla. Kwanza ilisahau saa,
kisha ikapoteza herufi R,
nikawa naombea watu kazi kwa Mkuugenzi Mkuu.
Bawaba ilipovunjika niliiegemeza kwenye mkebe wa majani chai,
ikafanya kazi hivyo, imelala chali, mwaka mzima.
Siku ya mwisho ilipiga mluzi mmoja tu.

Fundi wa Luthuli aliigeuza kama anayechagua samaki.
"Mama, hii sasa ni ya kupima kwa kilo."
Kilo mbili na kitu. Shilingi mia na hamsini.

Miaka saba nilichapa kwayo barua za mtaa:
maombi ya karo, visa vya kuachishwa kazi,
wasifu wa kijana ambaye hajawahi kuajiriwa
(tuliandika "mchapakazi", tukaandika tena "mchapakazi"),
ratiba za mazishi zenye maua pembeni.
Utauzaje kwa kilo
kitu kilichoshika majina ya marehemu wetu wote,
na hakikukosea hata moja
ila waliokuwa na R?

Jumamosi nikaazima bisibisi kwa kinyozi.
Skrubu ndogo kama wadudu wa mchele; mbili zilipotelea kwenye zulia
na bado ziko huko.
Kioo nilikibandua tabaka kwa tabaka:
juu jeusi, jembamba, lile lililokuwa linashika picha,
nikaliweka kando;
chini yake karatasi nyeupe, moja ya rangi ya maziwa,
moja inayong'aa kama mgongo wa omena,
na ukingoni kabisa, uzi wa taa
uliokuwa ukiangaza nyuma ya maneno yangu siku zote hizo
nami nikidhani ni maneno yanayong'aa.

Nililehemu waya. Nikajichoma kidole.
Fremu ikatoka kwenye ubao wa kitanda cha mtoto.
Nikaitundika upande ninaoamini ni mashariki,
nikaipa pazia.
Nikawasha.

Si jua, nisidanganye.
Ni ule mwanga wa Nairobi wa Julai,
mweupe, wa mawingu, usioahidi kitu.
Lakini ni mchana.
Tulisimama mbele yake kama wageni.

Nyaboke akaleta haragwe lake la shule,
limelala kwenye pamba ndani ya kopo la mgando,
akaliweka chini ya fremu.
Kufikia Alhamisi lilikuwa limeinama kuelekea huko, shingo nzima,
halikuuliza mwanga umetoka wapi.

Aliyeuliza ni Musyimi, mlinzi wa ploti.
"Nani amekuruhusu kutoboa ukuta?
Chumba cha madirisha mawili kodi yake inapanda mia tano."
Nikamshikisha waya.
Akaufuata kwa vidole, taratibu,
mpaka kwenye soketi.
Akaketi kwenye stuli, kofia gotini.
"Mimi pale chini," akasema, "hata hilo la ukuta sina."
Jumapili alirudi na laptopu imefungwa kwa gunia,
imepasuka kona, imejaa vumbi la mahindi.
Sikumuuliza ya nani.

Jua letu huchwa tokeni zikiisha,
pengine saa mbili, pengine katikati ya ugali.
Swichi nayo ipo, ni kubonyeza tu.
Ila Nyaboke hataki.
Kila usiku, kabla ya kuvua sare,
huenda kwanza kulifunga pazia,
na kulivuta pembe ili lisiache nafasi.
Watu wa nje, anasema, wanatuona.