Mzee Asiyekufa

Tableti zilifika siku ya mvua,
kumi na mbili, kwa darasa la watoto sitini na nane,
zimefungwa nailoni kama mikate ya Nyawera.
Mkuu wa shule akahutubu. Tukapiga makofi.
Nsimire alianza kupiga kabla yetu:
yeye husikia hotuba ikichoka
sisi tukiwa bado tunatazama tai ya mkuu.

Mimi nilikuwa macho yake.
Tangu darasa la tatu, benchi ileile,
huku Kadutu juu, udongo unakoteleza hata jua likiwaka.
Nilimsomea ubao, nilimsomea kitabu,
naye alinilipa sambaza za kukaanga
ndani ya karatasi ya daftari la zamani.
Mkataba huo hakuna aliyeuandika.

Wakamwekea sauti. Ya mwanamke fulani
aliyejifunza Kiswahili mbali na mlima wowote,
aliyetamka Bukavu kama jina la dawa ya minyoo.
Nsimire akagusa kioo kwa kidole cha shahada.
"Kitufe," ikasema sauti.
Akasogeza kidole.
"Kitufe."
Akasogeza tena.
"Kitufe. Picha. Kitufe. Picha."
Darasa likacheka. Naye akacheka, kidogo,
kisha akailaza tableti kifudifudi.
"Ni kama kufika kwa watu," akasema,
"ukiuliza majina, wote wanakujibu: mtu."

Nitasema ukweli: nilifurahi.
Jumatano ile sambaza zilikuwa tamu.

Mwalimu Cishugi hakufurahi.
Alipanda pikipiki hadi Ibanda, kwa kijana wa mashine,
akarudi na matope mpaka magotini na habari moja:
nyuma ya kila picha kuna nafasi ya maneno,
na zote, zote, waliziacha tupu.

Basi tukabaki baada ya kengele, wiki tatu,
siku umeme ulipotukumbuka.
Tuligombana. Ziwa Kivu lina umbo gani?
Buti, akasema mmoja. Kinyonga, akasema mwingine.
"Buti sijawahi kuliona," akasema Nsimire.
"Niambieni kidole kianzie wapi, kiishie wapi."
Tukafuta. Tukaandika upya:
Bukavu iko chini, Goma juu, katikati kisiwa cha Idjwi.

Halafu Mugaruka, asiyesikia,
akatuvuta mikono hadi kwenye video ya moyo.
Daktari anaongea, anaongea, midomo inacheza.
Mugaruka akaonyesha masikio yake, akafungua viganja: mimi je?
Hakuna aliyekuwa amemfikiria.
Hata Nsimire.
Tukaanza tena, neno chini ya kila sentensi,
mimi nikiandika "msipa" badala ya "mshipa"
na Mugaruka akinisahihisha.

Jumatatu, Nsimire akaweka waya masikioni
akafungua hadithi tuliyoisoma mwaka jana.
Alikaa kimya muda mrefu.
Nilimwona akirudisha kidole, akisikiliza tena.
"Kumbe," akasema.
Nikajua.
"Kumbe kuna aya tisa hapa. Ulinisomea nne."
Sikujibu.
"Na yule mzee hakufa.
Ulimuua wewe, ili uwahi mpira."

Nilitafuta uongo mwingine, mdogo, wa kunivusha.
Mvua ikaanza kupiga mabati,
mwalimu akanyamaza, kwa maana hakuna anayeshindana na mabati ya Kadutu.
Nsimire alichomoa upande mmoja wa waya,
akaupapasa uso wangu hadi akapata sikio,
akauchomeka, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tukamsikiliza mzee akivuka mto.
Mzee akiuza mbuzi. Mzee akidanganywa na mjukuu wake.
Betri, asilimia tisa.

"Kitufe," ikasema sauti ghafla,
mahali tulipopasahau.
Nsimire akanigeukia. "Hiki kinasemaje?"
Nikainama karibu na kioo,
nikasoma polepole, herufi zote:
"Ukurasa unaofuata."
Sikufupisha.