Sauti ya Tatu

Fundi Tulinagwe hakunipa pole.
Alipuliza tundu la simu, akachokoa kwa njiti ya kiberiti,
ukatoka uzi wa koti, vumbi la majani ya chai,
na kitu cheusi ambacho sote wawili hatukukitaja.
"Unalaumu hedifoni," akasema, "kumbe umeziba mlango."

Mvua ya Tukuyu ilikuwa juu ya bati la kibanda
kama mdai anayejua mdeni yumo ndani.

Malalamiko yangu yalikuwa haya:
kwaya yetu inaimba ndani ya debe,
besi inavuma, maneno yanazama,
sikio la kulia linaachiwa makombo.

Akauliza wimbo nimeupata wapi.
Kwa mzee mmoja wa sauti ya nne,
naye kwa shemeji yake,
shemeji kwa mtu wa Kyela.
"Umekondeshwa kila kituo," akasema.
"Kila aliyeurusha alimega akala njiani.
Ule wa kwanza anao nani?"

Ule wa kwanza ulikuwa kwenye kadi,
kadi kwenye bahasha, bahasha kwenye sanduku la mke wangu,
chini ya vitenge visivyovaliwa.
Nilirudi nayo Ijumaa, imefungwa nailoni.

Akazima kile kinachojiita sauti bora.
"Hii ni pilipili ya kufichia mboga iliyochacha."
Besi akaishusha. Ya kati akaiinua, kidogo tu.
Ya juu akaigusa kama anayeonja uji wa moto.
Akabadili vile vifuniko vya mpira:
kidogo kulia, kikubwa kushoto
(miaka arobaini na sita, sikujua masikio yangu si mapacha).
"Na usipandishe sauti. Kikikaa vizuri, hutahitaji."
Elfu tatu. Nikabembeleza. Elfu tatu.

Nikasikilizia nyumbani, Bulyaga, kibarazani.

Kwanza nikasikia kanisa lenyewe, kabla ya wimbo:
benchi likilia, mtu akimeza kikohozi,
mwalimu akihesabu kwa pumzi, moja, mbili,
na mvua ya mwaka ule
ikinyesha juu ya mvua hii.
Kisha sauti ya kwanza, kila mama na koo lake.
Kisha sisi, sauti ya tatu.

Ubeti wa pili, kwenye neno "milima",
kuna mtu anateremka.
Si sana. Kama aliyekosa ngazi moja gizani.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Nikamtafuta kushoto, nikamtafuta kulia,
nikamkuta katikati, anaimbia puani, kwa raha zake:
mimi.

Na hapo hapo, kabla sijagusa chini,
Ambokile anaingia
kama bega linavyoingia chini ya gunia la mwenzake,
ananyanyua, ananifikisha mwisho wa mstari,
kisha anapungua, anarudi mahali pake.
Ubeti wa tatu, tena.
Wa nne, tena.

Huyu ndiye niliyemwambia mbele ya watu, siku ya mazoezi,
"Unapiga kelele. Unatuzamisha. Kwaya si mnada wa ng'ombe."
Hakujibu. Alilikunja joho lake,
mikono kwa ndani, akaliweka juu ya benchi,
na kabla ya Pasaka alikuwa Chunya, kwenye dhahabu.

Miaka minne nimekuwa nikisema tatizo ni besi.

Nikapiga. Ikaita
mpaka nikakaribia kushukuru kwamba hapokei.
"Nani?"
Sauti iliyobanwa, kinu cha kusaga mawe nyuma yake,
na hapa hakuna cha kushusha wala cha kuinua.
"Gwamaka," nikasema. "Nimetengeneza simu."
Kinu kikanyamaza, au ni yeye aliyesogea.
"Huko mvua ipo?" akauliza.

Nikachomoa hedifoni,
nikaunyoosha mkono nje ya baraza
asikie mwenyewe.